Nani Achote Ndoo ya Kwanza

Sogeeni karibu, mwenye mkeka amkaribishe asiye nao. Hadithi ninayowapa leo haina mwisho. Si kwamba nimeusahau, la, haujawahi kuwapo. Nikifika pale inapokatikia nitanyamaza, nitawatazama, na ninyi ndio mtakaosema. Kwa hiyo asiwepo wa kusinzia, maana anayesinzia ndiye nitakayeanza naye.

Basi. Kulikuwa na shamba la mkonge likiitwa Kwekibuyu. Mistari ya mkonge ilipanda kilima ikashuka upande wa pili, na juu ya kilima palikuwa na kiwanda. Humo ndimo ilimokuwa korona, mashine ya kuchuna majani ya mkonge mpaka ibaki katani nyeupe. Ilinguruma kutwa nzima, hata watu wa hapo wakazoea kusema kwa kupaza sauti, na majirani wakazijua siri za kila ndoa. Chini ya kiwanda ilikuwa kambi ya wafanyakazi. Chini ya kambi kijiji. Chini ya kijiji bonde, na ndani ya bonde chemchemi. Uwekeni kichwani mpangilio huo: kiwanda na injini yake juu, maji ya kunywa chini.

Chemchemi ya Kwekibuyu haikuwa ya maji mengi. Masika ilifurika, lakini kiangazi ilitoa uzi tu, mwembamba kama mkia wa panya. Usiku kucha uzi ule ulijaza shimo dogo la jiwe, na alfajiri aliyechota wa kwanza alipata ndoo nzima ya maji baridi, safi, kwa mara moja. Wa pili alikinga kidogo kidogo. Wa mkiani alikaa mpaka jua la utosi, na alichoondoka nacho kilikuwa nusu maji nusu tope.

Kwa sababu hiyo ndoo ya kwanza haikuachiwa mwenye mbio. Ilikuwa na mwenyewe. Wanawake wa foleni waliipa nyumba moja, nyumba iliyowahi kuyatendea mema maji, na aliyepewa aliishika mpaka kufa kwake. Akifa, mwanawe anachota mpaka arobaini iishe, kisha anatafutwa mwingine. Na hapakuwa na kugawana, maana ndoo za kwanza mbili hakuna. Tena mwenye ndoo ya kwanza asipochota, hachoti mtu. Foleni nzima inasimama hapo na ndoo zake tupu.

Msimamizi wa foleni alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika mbali kuliko miguu yake. Yeye ndiye aliyejua nani anamfuata nani, na nani ana mgonjwa apishwe.

Na watu wa kambini, wale waliotoka mbali kufuata kazi ya mkonge, walikuwa wa mkiani. Hakuna aliyewatukana, hakuna aliyewafukuza. Walifika, wakaweka ndoo zao nyuma, na mtoto wa kijijini aliyechelewa kuamka alipowasili alipita mbele yao. Hivyo tu. Tangu chemchemi ijulikane, ndoo ya kwanza haikuwahi kulala nyumba ya kambini.

Mwaka huo ninaousema, mwenye ndoo, bibi mmoja aliyepanda matete yaliyoushika ukingo usibomoke, alifariki wakati kiangazi kinaanza kukaza. Binti yake akawa anachota, huku watu wakingoja arobaini na kujiuliza, sasa ataipata nani?

Tuiache ndoo hapo. Niwajulishe watu wangu.

Wa kwanza ni Bi Mwantumu, aliyewapikia uji wafanyakazi wa kiwanda. Mungu alimpa pua. Akipita mlangoni kwako alijua jana mlikula nini na kama kilitosha. Wanaume waliopitia kilabuni walizunguka nyuma ya korona ili wasipite jikoni kwake, na bado alijua. Bi Mwantumu alikuwa mzaliwa wa kijijini, binti wa watu wa pale pale. Kwenye foleni ndoo yake ilikaa mbele, ya tatu au ya nne, na hakuna aliyemsumbua.

Wa pili ni Lupondije, mtunza tangi la mafuta. Yeye alitoka mbali sana, kwao Unyamwezi, na alipewa macho ya kuliona baya kabla halijafika. Watu walimwita Bwana Ikitokea. Ukimwambia leo kuna hali nzuri, atakujibu, na ikitokea mvua? Ukimwambia tangi ni jipya, atakujibu, na ikitokea likapasuka? Alikuwa amejaza mapipa ya mchanga na magunia ya makapi ya katani, yale manyoya mafupi yanayobaki chini ya mashine, akayapanga kando ya mteremko pamoja na machepe, pale mkondo wa kwenda bondeni unapokuwa mwembamba. Kila wiki aliyapitia. Wenzake walimuuliza kwa kumchokoza, amezika nini pale hata anakilinda hivyo. Mkewe, Nyamizi, alikuwa mjamzito, na kwenye foleni ndoo yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Mara nyingi alirudi na tope, akaliacha litulie, ndipo apike.

Wa tatu ni Chilumba, mbeba matita, mtu wa kusini, kifua kama mlango. Tita la mkonge ambalo wengine walilibeba wawili, yeye alilitupia begani akaendelea na mazungumzo. Aliishi na mama yake mzee, aliyekuwa akiteremka bondeni kwa kushikilia miti, akapanda na ndoo nusu, kwa sababu alfajiri mwanawe alikuwa tayari shambani. Na huyu Chilumba alikuwa na bustani. Nyuma ya kiwanda, pale palipokuwa na majivu na makopo, alilima mchicha. Na kiangazi kile, wakati kila kitu kimekauka, mchicha wa Chilumba ulikuwa kijani kibichi kama wa masika.

Mtaniuliza maji alitoa wapi. Swali zuri hilo.

Tangi la dizeli lilijengewa beseni la saruji kulizunguka, kuta zake zafika kiunoni, ili mafuta yakimwagika yabaki humo humo. Chini kabisa ya beseni kulikuwa na koki ya kutolea maji ya mvua. Koki hiyo siku zote ifungwe, ifunguliwe mvua ikishanyesha tu, na ifungwe tena. Ndivyo ilivyoandikwa ukutani, na ndivyo meneja alivyowaambia. Lakini injini ilipozwa kwa maji, na maji yaliyozidi yalidondokea ndani ya beseni lile lile. Chilumba akayaona yanakaa bure yanazaa mbu. Akafungua koki, akachimba mfereji, maji yakaenda kwenye mchicha wake. Mchicha wa Chilumba ukalisha kambi nzima. Nani angeuliza?

Lupondije aliona. Yeye angekosa kuona? Jioni aliifunga koki. Asubuhi Chilumba akifika aliifungua. Jioni ikafungwa, asubuhi ikafunguliwa, na wawili hawa hawakuambiana neno hata moja juu yake. Ila kila baada ya siku chache Lupondije alikuta fungu la mchicha mlangoni kwake limefungwa kwa uzi wa katani. Na Nyamizi alikuwa ameambiwa na nesi ale mboga za majani. Basi Lupondije akalichukua fungu, akampa mkewe, wala hakumwambia meneja kitu.

Mmewajua watatu wangu. Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Siku hiyo Lupondije hakuwapo. Alikwenda kuzika ndugu yake wa kambi nyingine ng'ambo ya mto. Kabla ya kuondoka alimfuata nyapara, akamwambia gari la mafuta likija, mtu asibanduke kwenye mpira wa kujazia mpaka tangi lijae, na ikitokea chochote mchanga na makapi viko pale. Nyapara alicheka akamwambia nenda kazike, Bwana Ikitokea, hapa hakutokei kitu. La koki Lupondije hakulisema. Kuitaja koki ilikuwa ni kuutaja mchicha.

Gari la mafuta likaja wakati wa uji. Dereva akaunganisha mpira, akafungulia, akaangalia mafuta yanavyokwenda, akaona yanakwenda. Nyapara akamkumbusha akae pale pale. Dereva akajibu kwamba tangi hili si la kujaa leo, na uji unapoa haraka kuliko tangi linavyojaa. Akajifuta mikono, akateremka kupanga mstari na wengine. Huku nyuma mpira ukafyatuka. Haukupiga kelele, au kama ulipiga, korona iliimeza. Ukalala ndani ya beseni ukawa unatapika dizeli. Beseni likawa linajaa. Na chini ya beseni, koki ilikuwa wazi.

Bi Mwantumu alikuwa ameinua upawa, kikombe cha mtu kinangoja. Upawa ukasimama hewani.

"Nani amemwaga dizeli?" akauliza.

"Ni mimi, mama," dereva akasema, na watu wakacheka. "Hata nikitoka kuoga nanuka hivi hivi."

"Wewe unanuka dizeli ya jana. Hii ni ya sasa hivi."

Hakubishana zaidi. Jiko lake lilikuwa la kuni, moto mkubwa, na njia ya upepo ilitoka kiwandani moja kwa moja kuja hapo. Alichukua matambara, akaishika sufuria ya uji wa wafanyakazi wote, akaipindua juu ya moto. Moshi na mvuke vikapanda. Watu walisikitika kwa sauti, wengine walikuwa hawajala tangu jana, lakini yeye alishaanza kuamuru. Kila jiko la kambi lizimwe. Injini izimwe. Mwenye sigara aimeze. Dereva alitazama kilimani, uso ukambadilika, akakimbia kuyafunga mafuta ya gari lake.

Mafuta ya gari yakafungwa. Lakini yaliyokwishamwagika yalishajua njia. Yaliteremka kwenye mfereji wa Chilumba, yakapita katikati ya mchicha, yakatokea upande wa pili na kushika mkondo wa kwenda bondeni. Na nyuma yake wakaja watu. Mnawajua watu. Wameona mafuta ya bure, wamebeba madumu, mabeseni, mmoja alikuja na chungu. Bi Mwantumu akasimama mbele yao na ule upawa mkononi, akawaambia atakayechota tone moja hapa, uji wangu hataunywa tena mpaka nife, na msidhani nakufa karibuni. Watu wakamjua hatanii. Wakarudi nyuma, na cheche haikutokea.

Hiyo ni ya Bi Mwantumu. Ishikeni.

Chilumba alikuwa anatoka shambani na tita begani alipoona mchicha wake unang'aa. Si kung'aa kwa maji. Alisimama kitambo kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali, kisha akalitupa tita akapanda mbio. Beseni lilikuwa limejaa hadi kiunoni na koki iko chini kabisa, haionekani. Fundi mmoja alikuwa anatafuta fimbo ya kuipapasia. Chilumba hakungoja fimbo. Aliruka ukuta, akaingia, akafumba macho, akazama mpaka kichwa kikapotea. Akaiendea koki moja kwa moja, kama mtu anayezima taa chumbani kwake mwenyewe. Akaizungusha ikakaza. Alipoinuka alikuwa ameimeza dizeli na mvuke umempiga kichwa, miguu ikamwisha, akazama tena. Wakamtoa kwa kamba. Mama yake aliletwa, akamkuta amelazwa ubavu, anatapika, ngozi ya kifua imebadilika rangi. Alilala hospitali majuma kadhaa. Ngozi ya mikono ikachunika kama ya ndizi, na pumzi yake haikurudi kuwa ile ya kubeba matita.

Hiyo ni ya Chilumba.

Sasa beseni limezibwa, lakini mafuta yaliyokwishatoka bado yako mkondoni, yanateremka. Nyapara akapiga kelele, mchanga, leteni mchanga, kisha akakumbuka. Hakukuwa na haja ya kuleta. Mapipa yalikuwa pale pale pembamba, machepe yameegemezwa, magunia ya makapi yamefungwa mdomo kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja, maana Lupondije alikuwa amejiuliza, na ikitokea mkono wa pili una kazi? Wakamwaga mchanga ukawa tuta. Nyuma ya tuta wakarundika makapi, na makapi yakanywa dizeli yakashiba. Mafuta yakafika tutani, yakatafuta njia kulia, yakatafuta kushoto, yakatulia. Ukisimama juu ya tuta lile ungeweza kusikia kina mama wakizungumza chemchemini. Mchanga ungechelewa kwa muda wa kwenda kuchimba mtoni na kurudi, wangesikia harufu kabla ya kusikia habari.

Hiyo ni ya Lupondije. Na yeye wakati huo alikuwa ng'ambo, anatupia udongo kaburini.

Meneja alikuja akafanya ya kwake. Makapi na mchanga uliolowa havikutupwa korongoni. Vilikusanywa kwenye mapipa yenye mifuniko, vikapakiwa, vikapelekwa mbali panapopokelewa vitu kama hivyo. Udongo wa mfereji ukachimbwa, na mchicha wote ukang'olewa na mizizi yake. Aliuliza koki iliachwaje wazi. Watu walimwambia labda ilifunguliwa mvua za nyuma ikasahaulika, na mfereji ule ni wa mvua hizo hizo. Tangu hapo koki ikawekewa kufuli, na dereva wa mafuta akawa anapelekewa uji pale pale kwenye mpira wake.

Bi Kidawa naye aliifunga chemchemi kwa matawi. Watu wakateka mtoni kwa taabu, mpaka ijulikane kama maji yake yamesalimika. Kila asubuhi Bi Mwantumu aliteremka, akachota kwa kiganja, akanusa, akamwaga, akasema ngojeni. Kesho tena, ngojeni. Mpaka asubuhi moja alinusa, akayanywa.

"Haya ni maji," akasema.

Matawi yakaondolewa. Na arobaini ya yule bibi ikaisha.

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Shimo la jiwe limejaa hadi ukingoni, maji yametulia, ukiinama unaiona sura yako. Bi Kidawa akasimama juu ya jiwe na ndoo ya marehemu mkononi. Akasema mwaka huu hakuna haja ya kutafuta mbali. Wanawake walishasemezana usiku na mchana, na wengi wao walikuwa wa sauti moja: mtu aliyezama kwenye mafuta kwa ajili ya maji yao apewe, hata kama ni wa kambini. Wengine walilia kusema hivyo, maana hawakudhani siku moja watalisema.

Akamwita Chilumba. Chilumba akapita mbele ya foleni nzima, na mama yake nyuma yake ameshika kanzu yake. Bi kizee yule alikuwa amejifunga khanga mpya. Bi Kidawa akaiweka ndoo kwenye mikono ile yenye makovu mekundu. Mama akanyoosha mkono kugusa ukingo wake, kuhakikisha.

Chilumba akaitazama ndoo. Kisha akaiweka juu ya jiwe.

"Bi Kidawa," akasema, "koki ile niliifungua mimi."

Watu wakadhani wamesikia vibaya. Akaeleza. Kwamba kila asubuhi aliifungua kwa ajili ya mchicha. Kwamba alijua yaliyoandikwa ukutani, alisomewa. Kwamba siku ile aliiendea koki bila kupapasa kwa sababu mkono wake uliizoea. "Mngenipa bila kujua ningekunywa," akasema, "lakini kila siku ningekuwa nalinywa na kosa lile."

Mama yake akaurudisha mkono wake ndani ya khanga.

Ndipo Lupondije akatoka mkiani, alipokuwa amesimama na Nyamizi, tumbo limeshatangulia. Akasema asibebeshwe mmoja. Yeye alijua koki inafunguliwa, alijua na nani, na alikula mchicha. Angesema neno moja kwa meneja, kufuli lingekuwapo kabla ya gari.

Bi Mwantumu akasema kwa uchovu, "Hata mimi nilikula. Sote tulikula. Nani hapa hakula mchicha wa Chilumba?" Wengi wakatazama ndoo zao.

Halafu foleni ikaanza kusema, na tangu hapo haijanyamaza.

Mmoja akasema apewe Bi Mwantumu. Yeye mikono yake safi. Alinusa, akazima moto, akazuia watu, akayapima maji mpaka yakawa maji. Jirani yake akamjibu kwamba Mwantumu yuko mbele siku zote, ndoo ya kwanza itamwongezea nini? Tena ni wa kwetu. Tukimpa yeye tutasemwa tulitafuta sababu ya kuwarudisha wale mkiani. Bi Mwantumu mwenyewe aliulizwa. Akasema kama ni yake ataichukua, hatajifanya haitaki, kwa sababu ule uji aliumwaga yeye na lawama za njaa alizibeba yeye.

Mwingine akasema apewe Lupondije. Pua ingenusa na koki ingezibwa, na bado mafuta yangefika, isingekuwa ule mchanga. Alifanya kazi siku zote ambazo hakukuwa na sababu ya kuifanya, huku anachekwa. Na mkewe huyu hapa, atajifungua na maji ya tope? Akajibiwa kwamba siku yenyewe hakuwapo, na mtu aliyeona kila kitu kisha akanyamaza, kunyamaza kwake ni kukubwa kuliko kwa kipofu.

Mwingine akasema bado ni ya Chilumba. Kosa alilifanya kwa kulisha watu, na alilifuata kosa lake mpaka chini ya dizeli. Wengine walitoa pua na mchanga, yeye alitoa kifua. Na asingesema, nani angejua? Akajibiwa kwa upole, maana mama yake alikuwa anasikia: tukimpa ndoo ya kwanza aliyefungua koki, kesho tutamwambia nini anayefungua nyingine? Naye aliyemtetea Chilumba akarudisha swali: na tukimnyima kwa sababu amesema kweli, kesho nani atasema?

Bi Kidawa aligeuka huku, akageuka huku. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mbali. Jua likachomoza juu ya mkonge. Watoto wakaanza kulilia maji. Shimo la jiwe limejaa, linafurika kidogo kidogo ukingoni na kupotea mchangani, na hakuna aliyeweza kuinama, kwa sababu wa kwanza hajachota, na wa kwanza asipochota hachoti mtu.

Ndoo ipo juu ya jiwe. Upande huu amesimama Bi Mwantumu. Upande huu Lupondije, na Nyamizi ameketi chini, ameshindwa kusimama. Upande huu Chilumba, na mama yake, na ile khanga mpya.

Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Foleni inakungojeni ninyi, na watu wana kiu.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, anza wewe. Wangekuachia ile ndoo mikononi, ungemkabidhi nani?